Kijiwe cha mjomba na kilomita 550 za barabara

Mjomba wangu amefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi karibu na Mikindani, Mtwara, kwa miaka mingi. Maumivu yalipomshika ubavuni na kushuka hadi kwenye kinena, wazee wakasema ni ngiri. Akanywa mizizi miezi miwili. Siku alipokojoa damu ndipo tukampeleka kupiga ultrasaundi, na figo ya kushoto ikaonekana ina kijiwe cha milimita 11. Tukaelekezwa Dar es Salaam, akavunjwe kijiwe kwa mawimbi ya mshtuko.

Nilikaa naye kwenye basi tangu alfajiri. Tulipofika Nangurukuru alikuwa ameinama, paji la uso limegusa kiti cha mbele, jasho linamtiririka, na nusu ya safari bado iko mbele yetu. Safari hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Matibabu yenyewe sina la kuyalaumu. Mjomba alilala juu ya meza, mfuko wa maji ukabanwa ubavuni, mashine ikaanza kugonga: ta, ta, ta, karibu saa nzima, bila wembe kumgusa. Mawimbi hupita kwenye nyama yakiwa yametawanyika, kisha hukutana mahali pamoja tu, pale kilipo kijiwe. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivyo mjini Munich, Ujerumani, Februari 1980, na Christian Chaussy na wenzake, kwa mashine ya Dornier, kampuni ya kutengeneza ndege. Wakati huo mgonjwa alizamishwa kwenye beseni kubwa la maji.

Tangu hapo madaktari wamejifunza jambo ninalolipenda sana: kugonga polepole kunavunja vizuri zaidi. Mapigo 60 kwa dakika yanashinda 120, kwa sababu kila pigo huacha viputo vidogo, na pigo linalofuata likiwahi mno, viputo vile hulipunguzia nguvu. Tena huanza kwa nguvu ndogo na kupandisha taratibu, figo isiumie.

Ila tumaini langu kubwa liko kwenye kazi ya Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, Marekani. Wao wameacha pigo moja zito, wanatumia mafungu mafupi ya mawimbi ya ultrasaundi yenye shinikizo dogo zaidi. Mwaka 2022 walitoa matokeo ya wagonjwa 19 wenye vijiwe 23, kila kijiwe kikipigwa kwa dakika zisizozidi 10. Vijiwe 21 vilivunjika, na kati ya hivyo 9 vilisagika kabisa. Wagonjwa hao walikuwa tayari kwenye nusukaputi kwa ajili ya upasuaji mwingine wa vijiwe, lakini nia ni kumtibu mtu akiwa macho, hata kwenye chumba cha dharura. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, nayo ilisaidia utafiti huo, maana mwanaanga akipata kijiwe huko juu hakuna hospitali ya kumkimbiza.

Niliposoma hilo nilikumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya kwenda Dar ikakatika Somanga. Siku zile mgonjwa wa Mtwara au Lindi hakuwa na njia ya kwenda Dar kwa gari.

Kwa hiyo tunapodai huduma, tusiishie kuomba mashine kubwa ije kusini. Tuiombe, ndiyo, lakini tuanze sasa kuandaa watu kwa ajili ya hii ya Seattle inayokuja. Kazi yake yote iko mikononi mwa mtu wa ultrasaundi: akikosa shabaha, mawimbi yanapiga pasipo na kijiwe. Na lazima ajue nani asiguswe, yaani mjamzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye maambukizi ya mkojo ambayo hayajatibiwa. Kijiwe kinachozidi sentimita 2 nacho kwa kawaida huhitaji njia nyingine.

Vijana wa kufundishwa tunao. Wale wanaopima ultrasaundi kwenye hospitali zetu za wilaya wapelekwe kozi za figo na njia ya mkojo mwaka huu, wazoee kukitafuta kijiwe na kukipima sawasawa. Mjomba alipoteza miezi miwili akinywa dawa ya ngiri, na kipimo kilichomkomboa kilimalizika kabla hata chai yake haijapoa.