Suti ya kwenye runinga ina vibanio mgongoni

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya watu. Dakika chache kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku naingia studio, mfukoni nina vibanio vya kuanikia nguo, vile vya mbao vyenye springi. Mtangazaji amekaa, ameshapakwa poda, anasoma karatasi zake kwa sauti ya chini. Namwambia, "Kaka, egemea mbele kidogo." Nakusanya nguo ya ziada pale mgongoni, naikunja, naibana. Kimoja chini ya mabega, kimoja katikati, kimoja kiunoni. Nazunguka mbele kutazama. Koti limekaa kama limemwagwa mwilini. Nyuma ni kamba ya kuanikia nguo.

Sababu yake haikuwa siri wala umaridadi. Makoti yalikuwa ya kuazima. Mwenye duka la suti anatoa mzigo wa wiki, jina la duka linapita mwisho wa taarifa, biashara imeisha. Koti moja linavaliwa na watangazaji watatu, kwa hiyo unaomba saizi ya yule mnene kuliko wote, wengine wawili unawabana. Hivyo ndivyo vijana wengi wa mjini walivyopata picha yao ya suti "inayokaa". Wanaangalia kifua cha mtu, hawajui mgongoni kuna nini.

Nasema haya kwa sababu nimechoka kuona wanaume wanaoshindwa kunyanyua mkono kusimamisha daladala.

Suti ya runinga ni vazi la kazi, kama ovaroli ya fundi gereji. Kila kitu ndani yake kinajibu shida fulani ya kazi. Koti linabanwa kwa sababu mvaaji hatembei. Anakalia pindo la nyuma ili mabega yasipande hadi masikioni, kisha anatulia hivyo mpaka taarifa iishe. Maikrofoni ndogo inabanwa kwenye kola au kwenye tai, waya unapita ndani ya koti, kisanduku chake kiko kiunoni nyuma, ndiyo maana koti huwa halivuliwi hata mgeni awe nani. Suruali? Nimewahi kumvalisha koti la sufi mtu aliyevaa jinzi na kandambili. Meza ilificha yote.

Na rangi. Watu huniuliza kwa nini wasoma habari wote wanapenda bluu, kana kwamba wamekula kiapo. Nyeusi tii mbele ya kamera hupoteza mikunjo yote, unaona shimo lenye kichwa juu yake. Shati jeupe pee linarudisha mwanga wa taa hadi uso wa mvaaji, hasa mwenye ngozi kama yangu, unaonekana umezama gizani. Vimistari vyembamba na vidrafti vidogo vinagongana na vinukta vya kamera, vinaanza kucheza kwenye kioo, mtazamaji anadhani king'amuzi kimeharibika. Kijani hairuhusiwi palipo na pazia la kijani, lile ambalo mitambo huifuta rangi yake na kuweka picha nyingine mahali pake, kama ramani ya hali ya hewa: tulishawahi kupata mgeni mwenye tai ya kijani, na kwenye tai ile mkapita mawingu. Ukiondoa vyote hivyo unabaki na bluu, kijivu, na shati la bluu mpauko. Sisi tulichagua kwa kukosa. Mtaani ikapokelewa kuwa ni rangi ya heshima, na sasa ukienda harusini kamati nzima ya wanaume wako kwenye bluu ya taarifa ya habari.

Si kwetu tu ambako mtu wa runinga aliwavalisha wanaume wenzake. Johnny Carson aliendesha kipindi chake cha usiku kwenye NBC ya Marekani kuanzia 1962 hadi 1992, na mwaka 1970 jina lake likawekwa kwenye nguo za kiume zilizoshonwa na Hart Schaffner & Marx, kampuni ya suti ya Chicago. Ila angalia tofauti moja. Carson alianza kila usiku akiwa amesimama, anapiga porojo mbele ya pazia, mikono ikienda huku na huko. Mtazamaji alimwona mpaka viatu. Suti ile ililazimika kuwa suti kamili, yenye nafasi kwapani na suruali inayoanguka vizuri. Msoma habari amekaa, tunamwona kuanzia kitovuni kwenda juu. Tumeiga nusu ya mtu.

Na yupo mwingine ambaye nampenda zaidi, Karl Stefanovic wa Australia. Alikuwa anaendesha kipindi cha asubuhi pamoja na Lisa Wilkinson, na mama huyo alikuwa haishi kupokea maneno ya watazamaji juu ya nguo zake. Stefanovic akaamua kuvaa suti moja ya bluu, ileile, karibu kila siku kwa mwaka mzima. Alipofichua jambo hilo mwishoni mwa 2014, ikajulikana kwamba hakuna mtazamaji aliyekuwa amegundua. Nilipoisoma habari ile nilicheka peke yangu, kwa sababu hata kwetu dada wa zamu ya usiku akirudia gauni mara mbili kwa mwezi simu zinapigwa. Wanaume niliwazungusha makoti manne mwaka mzima na hakuna aliyenyanyua simu.

Tanzania Bara tulichelewa kupata runinga. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, sisi huku tukasubiri hadi 1994. Kabla ya hapo mwanaume wa ofisini alimwiga nani? Alimwiga mkuu wa wilaya, meneja wa shirika la umma, mjumbe wa mkutano mkuu. Hao walivaa suti ya Kaunda: mikono mifupi, kola wazi, mifuko minne, bila tai. Baba yangu alikuwa nazo mbili, moja ya kaki na moja ya rangi ya maji ya bahari, na alizivaa mpaka viwiko vya kiti vikazitoboa ubavuni. Unaweza kucheka ule mkato, lakini uliyeivaa ulifika nyumbani mkavu.

Kisha ikaja studio. Studio ina baridi. Mitambo na taa hutoa joto, kwa hiyo kiyoyozi kinawashwa mpaka mpiga picha anavaa jaketi. Ndani ya friji ile, koti la sufi lenye bitana, kizibao na tai ni mambo ya kawaida kabisa. Shida ni kwamba runinga inarusha picha bila kurusha baridi. Mtu yuko Mbagala mwezi wa Februari, anaona mwenzake amevaa vipande vitatu na hatoki jasho hata tone, anadhani tatizo ni yeye. Na huko Kenya wamekwenda mbali zaidi: Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, mwaka uleule ambao Rais Ruto alikuwa akizivaa hadharani. Kwangu mimi, aliyestahili kuhojiwa pale ni tai.

Mwaka jana mpwa wangu alioa. Alinikuta kwa fundi wetu Kariakoo, akanipa shikamoo mjomba, kisha akatoa simu. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya mtangazaji maarufu, amekatwa kifuani.

"Nataka ibane hivihivi," akasema.

Fundi alinitazama juu ya miwani. "Kaka, wewe si ulikuwa huko? Mwambie."

Nikamwambia habari ya vibanio. Hakuamini, akadhani namtania. Fundi hakubishana naye. Alivuta stuli akamkalisha, akampima mgongo akiwa amekaa. Akamsimamisha, akamwambia nyanyua mikono kama vile muziki umekolea, akapima mgongo tena. Kati ya vipimo vile viwili kulikuwa na tofauti ya vidole vitatu. "Hivi vidole vitatu," fundi akasema, "ndiyo nafasi yako ya kucheza na mkeo."

Kijana alikubali, ila uso haukukubali. Tulipotoka nje akaninong'oneza, "Lakini mjomba, kwenye picha si itaonekana kubwa?"

Siku ya harusi nilikwenda na vibanio vyangu mfukoni. Ufukweni, wakati wa kupiga picha, nilimwambia bwana harusi aegemee mbele kidogo, nikambana mgongoni pale pale pa siku zote. Bi harusi akaona, akacheka mpaka wanja ukachuruzika, wakampaka upya. Mpiga picha alipomaliza nikavitoa kimoja kimoja, tukaingia ukumbini. Alicheza mpaka saa saba usiku na koti hakulivua.