Sindano ya Santuri

Sindano imekatika. Msiniulize nani kaikata. Aliyefuta vumbi anajijua, na chai ya asubuhi tumeinywa bila kutazamana.

Nikajikusanya na utu uzima wangu, nikakumbatia mashine ya santuri kifuani, nikapanda daladala kwenda Kariakoo. Konda akanitoza nauli mbili. Nikalipa, maana mashine kweli ilikuwa imekaa na mimi nimesimama.

Kijana wa duka la spika akanipokea vizuri. "Shikamoo mzee." Marahaba. Akaigeuza mashine, akaichungulia chini, akaipapasa ubavuni.

"Mzee, flashi inaingilia wapi?"

Haiingii flashi.

"Basi ya bluutuu." Akatoa simu, akaanza kuitafuta. Mashine ya kabla hata baba yake hajabalehe! Akawaita wenzake. Wakaja wanne, mmoja ana chipsi. Wa chipsi akapiga picha na mashine, mimi akanikata kichwa.

Nikashusha pumzi, nikawaeleza kwa ustaarabu. Sauti imechongwa kwenye mfereji unaozunguka toka ukingoni mpaka katikati. Sahani inazunguka mara 33 na kitu kwa dakika, sindano inapita mferejini inatetemeka, mtetemo unageuzwa umeme, spika inaimba.

"Kwa hiyo wimbo umekwaruzwa?"

Umechongwa!

"Ndiyo maana umeharibika, mzee. Nipe elfu tano nikuwekee nyimbo zote kwenye flashi. Za nani?"

Hapo nikapata nguvu. Nikamwambia Queen, bendi ya roki ya Uingereza, santuri ya mwaka 1975, na kwamba mwimbaji wao Freddie Mercury ni wa hapo Unguja, kazaliwa Mji Mkongwe 1946, nyumbani akiitwa Farrokh Bulsara. Kijana akatulia.

"Yupo bado?"

Alifariki 1991.

Akavua kofia. "Pole sana, mzee. Mlikuwa ndugu?"

Wa chipsi naye akanipa pole. Nikapewa kiti. Nikakaa, nifanyeje?

Lawama zote za mjomba wangu baharia, aliyeshuka bandarini Tanga na santuri ile mimi nikiwa darasa la pili. Jalada jeupe, nembo ya simba na ndege aliyetanua mbawa. Tulidhani ni ya serikali fulani. Bibi alikuwa uani anachagua mchele. Magitaa yalipolia akasema shetani huyo atoke kabla ya magharibi. Mjomba akanyoosha mkono kuzima, na papo hapo kwenye Bohemian Rhapsody sauti zikapaa: Bismillah!

Bibi akaacha ungo. "Rudisha hapo."

Ikarudishwa. Wakasema tena Bismillah. Bibi akauliza wanataka nini. Mjomba, Kiingereza chake cha melini, akajibu kuna kijana anaomba aachiwe aende na wenzake wanamkatalia. "Wana adabu," akasema Bibi, "usiku huu aende wapi?" Toka siku hiyo roki ikaruhusiwa nyumbani kwetu, ila taarabu ya jirani bado ilihesabiwa uhuni. Nami nikapotea moja kwa moja, mpaka leo gitaa likikwaruza nywele zinanisimama, hizo chache zilizobaki.

Sasa jirani yangu wa leo ana spika refu kuliko mwanawe, singeli mpaka alfajiri, na hakuna anayemwambia kitu. Mimi nikipiga wimbo mmoja wa dakika sita, mjumbe huyo mlangoni, eti kuna mgonjwa mtaani! Mgonjwa gani anayevumilia singeli akazidiwa na kinanda? Na siku mjumbe asipokuja, umeme unakatika, mwimbaji anazama sauti katikati ya neno.

Sindano nikamwagiza mpwa wangu aliyeko Muscat. Nikamtumia picha, jina na namba ya kifaa. Mzigo umefika jana kwa mkono wa mtu: viatu. Namba 39. Nani kwetu anavaa 39? Mke wangu, mwenye 41, keshavichukua, anasema vitatanuka, na Jumamosi kuna shughuli huko Mbagala ya kusimama kutwa nzima.