Nilivyokwama kwenye Mlango wa Tanuru

Siku tuliyoingojea kwa miaka 7, mkaguzi wa boila alipanda kwenye kibanda cha dereva akapokewa na nusu mtu. Nusu hiyo ilikuwa mimi, kuanzia kitovu kwenda juu, nimechomoza kwenye mlango wa tanuru kama kobe anayechungulia mvua. Nusu iliyobaki ilikuwa ndani, nayo ilikuwa inanyeshewa kweli.

Chanzo chake ni majivuno. Tulipoanza kukifufua kichwa kile cha garimoshi la mvuke, nilikuwa mwembamba kuliko wenzangu wote, na kwa kuwa mlango wa tanuru lake ni tundu lenye upana wa sentimita 40 tu, kazi zote za ndani ziliniangukia. Ni mimi niliyekaza ncha za mirija yote 158, ile inayopitisha moshi wa moto katikati ya maji, nikizitanua moja moja hadi zikashikana na bamba lake, na tangu siku hiyo sikuchoka kutangaza kwamba mrija niliokaza mimi hauvuji.

Katika miaka hiyo 7 tundu lile halikupungua hata milimita moja. Mimi niliongezeka.

Asubuhi ya jaribio la maji niliingia kimyakimya, miguu kwanza, ili nitazame kazi yangu kabla mgeni hajafika. Nikatoa pumzi yote, tumbo likapita kwa shingo upande. Wenzangu, wakidhani nimekwenda kunawa, wakaanza kupampu. Katika jaribio hili boila hujazwa maji baridi pomoni, kisha msukumo hupandishwa hadi mara moja na nusu ya ule wa kazi. Maji hayagandamiziki kirahisi, hivyo chuma kikipasuka msukumo huanguka papo hapo. Mvuke, ambao ukiachiliwa hutanuka hadi mara 1,600 hivi ya maji yaliyouzaa, ungeiripua boila pamoja na aliyemo. Elimu hiyo ilinifariji mpaka tone la kwanza liliponidondokea shingoni.

Nilinyanyua tochi. Safu ya 3 kutoka juu, mrija wa 5 kutoka kushoto. Nikapiga kelele wasimamishe pampu, lakini sauti yangu ikapita kwenye mirija na kutokea dohani, juu kabisa ya vichwa vyao, nao (waliniambia baadaye) wakafurahi kwamba hewa iliyobaki inatoka. Nikaukimbilia mlango, mikono mbele, na hapo nikatambua kwamba mtu aliyetulia huweza kutoa pumzi yote, ila mwenye hofu huivuta.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia mkaguzi, kwa kuwa adabu haikukwama.

"Marahaba. Unaingia au unatoka?"

"Ninakagua, mzee."

Hakucheka, jambo lililoniumiza zaidi. Alitoa daftari akaniuliza kama ndani kunavuja. Nilitamani kukana, lakini maji yalikuwa yakichuruzika kwenye suruali na kudondoka kwa sauti ambayo kila mtu kibandani aliisikia. Nikataja safu na mrija. Akaandika, akanishukuru kwa usahihi.

Fundi mkuu aliagiza ndoo ya grisi, wawili wakanishika makwapa, na walikuwa wamekwisha kuhesabu mara mbili "moja, mbili, tatu" bila faida yoyote, mkaguzi alipouliza kama vyuma vya kubebea makaa vimo.

"Vimeondolewa, mzee," nilijibu, "pamoja na sanduku la majivu. Nilivifungua mwenyewe juzi."

"Kwa hiyo chini yako ni wapi?"

Chini yangu palikuwa wazi hadi kwenye shimo la ukaguzi, upana wa kumpitisha mtu na ndugu yake. Wakanisukuma nirudi ndani, nikashuka, nikatembea nje kwa miguu yangu, nimelowa na kung'aa kwa grisi.

Mkaguzi alifunga daftari, akasema mrija ule ukazwe upya kabla hajarudi, kisha akauliza ni nani atakayeingia. Hakuna aliyejibu; wote walikuwa wakinitazama kiunoni.