Tumkumbuke Garvey Pamoja na Nazi Zake Zilizooza

Tarehe 17 Agosti nilihudhuria kongamano la kuadhimisha kuzaliwa kwa Marcus Garvey, Mjamaika aliyepigania umoja na haki za watu weusi, nikatoka nimekasirika. Mtoa mada, kijana mwenye sauti nzuri na fulana ya rangi nyekundu, nyeusi na kijani, alitumia dakika arobaini kutueleza kwamba kampuni ya meli ya Black Star Line iliuawa na wazungu, basi. Ukumbi ulishangilia. Mimi nilikuwa nikiwawaza madobi.

Maana hao ndio walioigharimia. Garvey, aliyeasisi UNIA, chama cha kuwaunganisha watu weusi duniani, pamoja na Amy Ashwood mjini Kingston, Jamaika, mwaka 1914 kisha akahamia Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, alianza kuuza hisa za kampuni hiyo mwaka 1919 kwa dola 5 kila moja, na walionunua hawakuwa matajiri bali madobi, wapishi, wapagazi wa treni na vibarua, watu waliojinyima ili siku moja wasafiri kwa heshima katika meli ya watu weusi wenzao. Mtu aliyekukabidhi dola ya namna hiyo anadai hesabu, hata kama hotuba zako zinamtoa machozi.

Na hesabu zenyewe zilikuwaje? Meli ya kwanza, Yarmouth, ilinunuliwa kwa dola 165,000 ilhali iliundwa mwaka 1887, yaani ilikuwa rika moja na Garvey mwenyewe, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imechoshwa kwa kubebeshwa makaa ya mawe. Mwanzoni mwa 1920 iliondoka New York na shehena ya wiski kwenda Kuba, ikapata matatizo njiani, na sehemu ya mzigo ikatupwa baharini. Safari nyingine ilipakia nazi. Nazi, ambazo mtu yeyote wa kisiwa cha Mafia atakuambia kwamba zina subira kuliko ndizi na kuliko wanasiasa, zilioza tumboni mwa meli kwa sababu Garvey alitaka meli ipitie kwanza bandari zenye wafuasi wake ili ishangiliwe. Amri hiyo haikutolewa na mzungu yeyote.

Katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na kila hisa inagongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama mbele ya macho ya wote. Mwaka mmoja mweka hazina wetu alituletea maneno matamu badala ya hesabu. Tulimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha tukabadilisha kufuli.

Nakubali, japo shingo upande, kwamba serikali ya Marekani ilimwinda Garvey. J. Edgar Hoover, ofisa wa upelelezi wa serikali hiyo, alipandikiza wapelelezi ndani ya UNIA, na mwaka 1923 Garvey alihukumiwa kifungo cha miaka 5 kwa ulaghai kupitia posta, katika kesi iliyojengwa juu ya tangazo lenye picha ya meli ambayo kampuni haikuwa nayo. Mwaka 1927 alifukuzwa nchini, na Januari 2025 Rais Biden akamsamehe, miaka 84 baada ya kufa kwake. Yote hayo ni kweli, lakini mwindaji hakuzigusa zile nazi.

Wala simdharau Garvey. Kenyatta alimsimulia C.L.R. James, mwanahistoria wa Trinidad, jinsi Wakenya wasiojua kusoma, mwaka 1921, walivyokuwa wakimzunguka msomaji wa gazeti la UNIA, Negro World, wakasikiliza makala mara mbili au tatu mpaka iwakae kichwani, kisha wakatawanyika kwenda kuwakaririsha wengine neno kwa neno. Nikilifikiria jambo hilo mwili unanisisimka. Watu waliokuwa makini kiasi hicho na maneno wangeweza kabisa kuelezwa habari za boila mbovu na mikataba ya hovyo wakaielewa, na sisi wajukuu wao tunanyimwa habari hizo kana kwamba tutamkana mzee.

Kwa hiyo nilinyoosha mkono kuuliza kuhusu nazi. Mwongozaji alitazama saa yake, akasema kwa masikitiko kwamba muda umetutupa mkono, kisha akatumia dakika saba kutangaza kwamba fulana zinapatikana mlangoni kwa shilingi elfu ishirini. Nilinunua moja. Sikupewa risiti.