Hasira ya mashabiki wa Manchester United haikuanza na matokeo mabaya

Makala yenu inaeleza hasira ya mashabiki wa Manchester United kana kwamba imetokana na timu kumaliza ya 15 katika Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2024/25, na hapo sikubaliani na mwandishi. Chanzo ni mwaka 2005, familia ya Glazer ilipoinunua klabu isiyokuwa na deni kwa takriban pauni milioni 790, sehemu kubwa ikiwa ni mikopo, kisha klabu yenyewe ikatwishwa mzigo huo, hata mapato ya viingilio, jezi na televisheni yakawa yanalipa riba ilhali uwanja ukichakaa. Mei 2024, katika mechi dhidi ya Arsenal, sote tuliona maji ya mvua yakimwagika kutoka kwenye paa la uwanja huo, Old Trafford.

Mashabiki walivaa kijani na dhahabu, rangi za zamani za klabu, kuwapinga akina Glazer mwaka 2010, wakati timu ilikuwa bado inatwaa mataji, kwa hiyo si haki kuwaita watu wasiovumilia kushindwa.

Kilichoniumiza zaidi, nami ni shabiki wa mbali ninayeitazama timu kwenye kibanda cha video, ni uamuzi wa mwishoni mwa 2024, Sir Jim Ratcliffe akiwa tayari mmiliki mwenza, wa kupandisha bei ya tiketi zilizosalia hadi pauni 66 katikati ya msimu, bila punguzo kwa watoto wala wastaafu. Mzee aliyeifuata timu hiyo maisha yake yote alistahili kuulizwa kwanza.