Kabla ya ski mpya, noa ulizonazo

Wiki iliyopita binti mmoja wa Mombasa anayesoma hapa Innsbruck, Austria, alinitumia picha ya ski, vile vipande virefu vya kufunga miguuni na kutelezea theluji, alizoziona dukani zimepunguzwa bei. "Kaka, hizi vipi? Nichukue?" Zilikuwa nzuri kuzitazama, za rangi ya machungwa, ncha zake pana kama kasia. Nikamuuliza upana wa katikati. Milimita 104. Nikamwambia asichukue, na kwa kuwa sababu zangu hazikuenea kwenye ujumbe wa simu, naziandika hapa.

Msimu wangu wa pili nilinunua ski za namna hiyo hiyo. Urefu wake sentimita 184, nami nina 176. Muuzaji aliniambia nikishakuwa hodari nitamshukuru. Asichoniuliza ni nateleza wapi na siku gani. Ski pana hutengenezwa kwa ajili ya theluji nene, laini, ambayo haijapitwa na mtu, ili uelee juu yake usizame. Mimi napanda mlimani Jumamosi, kama wengi wetu tunaofanya kazi wiki nzima, na natelezea kwenye njia zilizosawazishwa na mashine usiku. Ikifika saa nane mchana theluji ya njia hizo imeshakwanguliwa na mamia ya watu, na barafu ya chini inang'aa. Ukingo wa ski pana uko mbali na katikati ya buti, kwa hiyo kila ukitaka kuulaza ung'ate barafu, goti ndilo linalobeba kazi. Nilishuka mlima wa Patscherkofel mchana mmoja nikiburuzika ubavu ubavu, mapaja yanawaka moto, nikiamini kwamba mchezo huu si wa watu kama mimi. Wazo hilo liliniumiza kuliko miguu.

Wiki iliyofuata nikakodi ski za sentimita 165, katikati milimita 72. Nililaza vifundo vya miguu kidogo tu, zikaingia kona zenyewe.

Basi kwa anayeanza, au anayeteleza siku kumi kwa mwaka kwenye njia zilizosawazishwa, ushauri wangu ni huu: kiuno, yaani upana wa katikati, cha milimita 70 hadi 80, urefu wa kufika kati ya kidevu na pua, na ski isiwe ngumu sana kupindika. Soma pia herufi R iliyoandikwa juu yake. R 14 maana yake mkunjo wa ski, yaani jinsi ubavu wake unavyobonyea katikati, umechorwa kwa kona ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 14, na kwa mwendo wetu 13 hadi 16 inatosha. Mkunjo huu mkubwa wa kiunoni ni jambo la karibuni. Elan ya Slovenia ilitoa ski yake ya SCX mwaka 1993, na kabla ya hapo watu wazima walikuwa wakihangaika na ski zilizonyooka zinazozidi mita mbili. Usidanganywe na jina la bingwa lililobandikwa kwenye tangazo. Na fedha ikiwa kidogo, nunua buti zinazokushika vizuri kwanza, ski kodi. Namba ya vifungio, vile vinavyoshika buti kwenye ski na kuliachia ukianguka, iachie fundi, maana hupangwa kwa uzito, urefu, umri, uwezo wako na urefu wa soli ya buti. Usiige ya rafiki yako, ni mguu wako utakaovunjika.

Sasa kunoa, ambako ndiko hasa nilikotaka kufika. Nilikulia Tanga, na mtaani kwetu mnoa visu alikuwa akipita na baiskeli, akikanyaga pedeli kinoo kikazunguka na cheche kuruka. Mama alimpelekea visu vile vile miaka nenda miaka rudi. Hakuna aliyetupa kisu kwa sababu ni butu. Huku nawaona watu wanauza ski za miaka mitatu na kununua nyingine kwa sababu "hazishiki tena", na ukipitisha kidole kwenye ukingo wake unakuta kutu na mikwaruzo ya mawe, na tupa haijawahi kuugusa. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Ukingo wa chuma ndio unaokuzuia kwenye barafu. Zamani ski zilikuwa mbao tupu, na kingo zake zikilika na kuwa mviringo mapema. Rudolf Lettner wa Salzburg ndiye aliyesajili hataza ya kingo za chuma mwaka 1926. Franz Klammer wa Austria aliposhinda mbio za Olimpiki za kushuka hapo hapo Patscherkofel mwaka 1976 kwa tofauti ya sekunde 0.33, chuma hicho chembamba ndicho kilichokuwa kati yake na mlima.

Mimi huifanya kazi hii chumba cha chini cha ghorofa letu, kila baada ya siku tatu au nne za kuteleza. Naibana ski kwenye jiliwa, ukingo juu. Naupaka ukingo wino wa kalamu nene ubavuni, kisha naipitisha tupa iliyofungwa kwenye kishikio cha pembe ya digrii 88, kutoka ncha hadi mkia, kwa mkono mwepesi. Palipobaki wino, tupa haijafika. Kisha kinoo cha almasi kulainisha. Kipimo ni ukucha: upitishe kwenye ukingo, ukikwangua unga mweupe, umemaliza. Ubavuni tu. Upande wa chini usiuguse kwa tupa, kwani ukikosea hapo kuna mashine tu ya kurekebisha, na kila ikisaga inakula chuma ambacho hakirudi. Ndiyo sababu sikubaliani na maduka yanayompitishia mteja ski mashineni kila mara, hata palipohitajika dakika kumi za mkono.

Nta, inayopakwa uso wa chini ili ski iteleze, ni rahisi zaidi. Uso wa chini ukiona unafifia na kuwa mweupe karibu na kingo, una kiu. Yeyusha nta kwa pasi yake maalumu, kama nyuzi 120, bila kusimama mahali pamoja. Pasi ikitoa moshi imezidi. Pasi ya nguo ina matundu na joto lake hupanda na kushuka, usiitumie. Acha ipoe, kwangua kwa kipande cha plastiki ngumu, piga burashi. Nta zenye florini achana nazo. FIS, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ilizipiga marufuku mashindanoni kuanzia msimu wa 2023/24, na sioni kwa nini mteleza wa Jumamosi aache sumu ile kwenye maji ya mlima.

Binti wa Mombasa amepata ski zilizotumika, sentimita 158, katikati 74. Mkia una kutu, uso umekauka, lakini kingo bado nene na hazijapasuka popote. Anazileta Ijumaa jioni, na atashika tupa yeye mwenyewe.