Biti la Mburahati na kesi ya nyimbo 1,800

Singeli mpya, ule muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, ikishaanza kupigwa kwenye bodaboda na saluni za Manzese, haimalizi wiki kabla mtu hajasema, "Huyu kaiba." Kaiba nini? Biti, yaani mdundo wa wimbo. Ukimbana zaidi anakwambia ngoma inakimbia vilevile, snea, ile ngoma ndogo kali, inaanguka palepale, emsii anachana kwa pumzi ileile. Shutuma hiyo nimeisikia ikirushwa kwa vijana wengi, na wengi wao wanaonewa.

Wanaolalamika wana uchungu wa kweli, sitaki kuupuuza. Wazee wa dansi walirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zao zikapigwa miongo na miongo, na wengi wamezeeka bila kuona mrabaha wa maana. Mzee kama huyo akisikia solo la gitaa lake ndani ya ngoma ya kijana, usimwambie hiyo ni heshima tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Anayekata kipande cha rekodi bila ruhusa amechukua mali ya mtu, hata kiwe cha sekunde nne.

Ila wengi wanaoitwa wezi hawakugusa rekodi ya mtu wala mahadhi yake. Walichochukua ni mwendo. Nyuma ya singeli kuna mchiriku wa vinanda vidogo vya Casio, na nyuma ya mchiriku kuna ngoma za Wazaramo, ule mdundiko unaopita mtaani jioni na watoto wote wakaufuata. Hati ya madai iandikwe kwa jina la nani hapo?

Dansi nayo ilikua hivyohivyo. Rumba ya Kongo ililelewa na santuri za Cuba, yetu ikalelewa na ya Kongo. Muhidin Maalim Gurumo aliimba NUTA Jazz, akaenda Mlimani Park (Sikinde), akaenda Orchestra Safari Sound, kisha akarudi nyumbani Msondo, jina la baadaye la NUTA Jazz. Kila alikohama alibeba koo lake na mazoea yake. Mashabiki walitukanana sana kwa ajili ya mitindo, lakini mpiga besi wa Sikinde hakuzuiwa kusikia besi ya Msondo.

Wanaotaka mwendo uwe na mwenyewe waitazame kesi ya Steely na Clevie. Wajamaika hawa walitengeneza biti la "Fish Market" mwaka 1989. Mwaka 2021 kesi ikafunguliwa California ikidai kwamba mdundo wa regetoni, muziki wa dansi wa Amerika ya Kilatini, umetoka humo, na orodha ya nyimbo zinazolalamikiwa ikapita 1,800. Mei 2024 jaji alikataa kuitupa mapema. Zipige zote, dakika tatu kila moja: saa 90, yaani siku tatu na saa kumi na nane bila kulala. Nawaonea huruma watengenezaji wale, maana walistahili kulipwa zaidi kwa kazi yao. Lakini naijaribu orodha hiyo hapa kwetu. Atakayetangulia kuandikisha mdundo wa mchiriku atashika Manzese, Tandale na Mburahati mkononi, na kijana mwenye kompyuta ya mkopo atatakiwa kumlipa kabla hajapiga hata noti moja. Uwezo wa kulipa atakuwa nao yule ambaye tayari ana meneja na wakili.

Mahakama za Marekani zenyewe zimeyumba. Mwaka 2015 jopo la wananchi liliamua kwamba Robin Thicke na Pharrell Williams walinakili katika "Blurred Lines", wakaishia kudaiwa karibu dola milioni 5 kwa ajili ya wimbo wa Marvin Gaye wa 1977, ingawa wanamuziki wengi walisema kilichofanana ni hisia tu. Mwaka 2023 Ed Sheeran alipakata gitaa kizimbani, akaonyesha kwamba kodi nne za gitaa (chords) anazodaiwa kuziiba zimo kwenye nyimbo kibao, akashinda. Uamuzi huo wa pili ndio ninaouona wa haki.

Hivi karibuni nilikaa kwenye studio moja Mburahati, chumba cha trei za mayai ukutani. Prodyuza, kijana wa miaka ishirini na kitu, alinifungulia ngoma yake iliyokuwa ikisemwa mtaani. Dramu zote alizigonga mwenyewe, kidole kwa kidole, kwenye kibodi ya kompyuta. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja mfupi: kinanda cha taarabu ya zamani, kimekatwa kutoka kwenye rekodi, kikakimbizwa mpaka sauti yake ikawa kama ya ndege. Mtaa mzima ulikuwa ukimlaumu kwa zile dramu. Kuhusu ule mstari wa chini hakuna aliyesema lolote.

Nilimwonyesha, hakubisha. Aliuliza kama kikundi kile cha taarabu bado kipo na kiongozi wake anakaa wapi. Nikamwambia aanzie COSOTA, ofisi ya hakimiliki, aulize wimbo umeandikishwa kwa jina la nani, kisha amfuate mwenyewe wapatane. Wasipopatana, akitoe kile kipande atunge mahadhi yake; mpiga kinanda yupo mtaa wa pili.